Mbio za Kutompita Mama Mkwe

Fundi cherehani mmoja pale Iringo, mtaa wa Musoma mjini, alinitajia bei ambayo mimi niliiona kama tusi. Kaptula mbili tu za kukimbilia, kitambaa cha kaki, bila mfuko wala urembo. Tulivutana tangu asubuhi hadi kivuli cha cherehani yake kikahamia upande wa pili wa baraza. Mwishowe akakubali bei yangu, akatabasamu, nami nikaondoka nikijiona mwerevu kuliko Musoma nzima. Siku ya kuzichukua ndipo nikaelewa lile tabasamu. Mimi nilikuwa nimepunguza bei, na yeye alikuwa amepunguza kitambaa.

Rafiki yangu akavaa ya kwake, akajitazama mbele, akajipinda kujitazama nyuma.

"Ndugu, hii ni kaptula au ni mkanda?"

"Za kukimbilia zinakuwaga hivyo," nikamwambia. "Upepo upite."

Huyu rafiki alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba huko Bunda. Mrefu, mpole, miguu kama ya korongo. Mimi nilikuwa na meza yangu sokoni Musoma, nikiuza sindano, betri na tambi za taa, na kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kujua idadi, mara ya pili kujua nimeibiwa kiasi gani. Tulipatana tangu tukiwa shule kwa sababu yeye aliamini kila alichoambiwa, na mimi sikuamini chochote, kwa hiyo hatukuwa na jambo la kugombania.

Mbio zenyewe zilikuwa za Saba Saba, pale Bunda. Mnaanzia uwanjani, mnashika barabara ya Guta mpaka kwenye pipa lililopakwa chokaa, mnalizunguka, mnarudi. Wa kwanza blanketi, wa pili jembe, wa tatu sufuria, na kuanzia wa nne hadi wa kumi na tano kipande cha sabuni, na sabuni miaka ile haikuwa kitu cha kuchekwa. Ila sisi hatukuwa na habari ya kushinda. Kilichotuandikisha ni soda. Kila mkimbiaji alipewa soda moja kabla ya kuanza. Nilimuuliza mwalimu mwenye daftari kama mtu anaweza kuchukua soda halafu asikimbie. Akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akanikabidhi kipande cha gunia chenye namba kumi na tisa iliyoandikwa kwa mkaa. Rafiki yangu akapewa ishirini.

Sasa hapo lazima niseme habari ya posa. Rafiki yangu alikuwa amechumbia binti wa kijiji kimoja upande huo huo wa Guta, na mshenga wake nilikuwa mimi, maana kwao walisema ng'ombe wanataka mtu anayejua kubishana. Jumapili baada ya Saba Saba ndiyo siku tuliyopewa ya kukaa na wazee kutaja mahari. Yote yalikuwa yanakwenda vizuri. Kulikuwa na jambo moja tu la kuogopa, na jambo hilo lilikuwa mama wa binti.

Mila ya kwao ilikuwa wazi. Mkwe na mama mkwe hawakutani njiani, hawaangaliani usoni, na kijana akimkuta mama ametangulia njiani hampiti. Anaingia porini, anasubiri. Mwanamume wa kwanza kumchumbia binti yule, tena mtu mwenye shamba kubwa la pamba, alimpita mama kwa baiskeli. Hakumpita tu, alipiga na kengele. Ng'ombe wake walirudishwa wiki hiyo hiyo, wote, hata ndama aliyezaliwa wakiwa pale. Rafiki yangu alijua habari hiyo kama alivyojua jina lake, na alimpenda yule binti kiasi kwamba aliwahi kumkosea mtu kilo za pamba, akarudia kupima, akakosea tena.

Basi, filimbi ikalia. Nilihesabu wakimbiaji thelathini na mmoja. Nikarudia, nikapata thelathini na wawili, kumbe mara ya pili nilimhesabu na mwalimu mwenye filimbi.

Kwenda tulikwenda vizuri, kwa mtindo wetu. Mtindo wenyewe ulikuwa wa kupatana.

"Tutembee mpaka ule mgunga," anasema yeye, anahema.

"Mpaka kile kichuguu."

"Kichuguu kiko karibu mno, bwana. Mgunga."

"Basi pale katikati, kwenye yule punda."

Tukatembea mpaka kwa punda. Punda naye alikuwa anatembea, tena anaelekea mbele, kwa hiyo siku hiyo kwa mara ya kwanza rafiki yangu alinishinda mapatano. Hata hivyo, tulipozunguka pipa, watu wanane tu walikuwa mbele yetu. Wengine soda ilikuwa imewapanda puani. Rafiki yangu akaanza kuwa na tamaa.

"Wa tisa na wa kumi! Ndugu, tuna sabuni!"

Ndipo alipowaona. Mbele yetu, akina mama watatu walikuwa wanatembea kuelekea mjini na mizigo yao kichwani. Wa katikati alikuwa na kapu kubwa, na mwendo wa haraka, shingo imenyooka. Yeye asili yake upande wa Butiama, na alitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Rafiki yangu hakuhitaji kuona uso.

"Mama!" akasema kwa sauti ya mtu anayekanyaga mwiba, na papo hapo akatumbukia kwenye shamba la pamba lililokuwa kando ya barabara.

Mimi nikabaki barabarani natembea kama mtu mwenye safari yake. Nikamwambia bila kugeuza kichwa, "Zunguka kwa ndani, mbali, utokee mbele yao."

Mawazo mazuri. Ila niliyapima kwa mwendo wa mwanamke wa kawaida. Rafiki yangu alizunguka kwa kuinama, namba ishirini inapepea mgongoni, akaruka mtaro, akararuliwa na michongoma, akatokea barabarani mbele kabisa, kwa hesabu yake. Alitokea hatua kumi kutoka pua ya mama mkwe, ana kwa ana, mapaja yote mawili nje, pamba kichwani. Akatoa sauti ndogo, akarudi alikotoka kama panya.

Mama akasimama. Akatua kapu taratibu. Akaligeuzia shamba mgongo, akajifunika kanga mpaka machoni, akaniita nilipo.

"Mshenga! Hapa tupo wangapi?"

"Shikamoo, mama. Tupo wewe, hawa mama wawili, na mimi."

"Kwenye pamba hakuna mtu?"

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo pamba inahema."

Wale wenzake wakageukia pembeni, mabega yanatikisika. Wakati huo wakimbiaji walikuwa wanatupita, mmoja mmoja, wengine wanasalimia.

"Mwambie huyo ambaye hayupo," akasema mama, "kaptula yake ni fupi."

"Umeiona, mama?"

"Sijaiona! Mtu akiniuliza, sijaona kitu. Lakini ni fupi. Faini yake mbuzi."

Hapo sasa akawa amenileta kwenye kazi yangu. "Mama, mbuzi mzima, kwa kitu ambacho hujakiona?"

"Kuku, basi."

"Hata yai halitoki, mama. Mtu hatozwi kwa kitu ambacho hakikuonekana, wala mtu ambaye hayupo hatozwi."

"Huyu alilelewa sokoni," mama akawaambia wenzake. Halafu akaniuliza, "Wangapi wametupita?"

"Kumi na mmoja." Nilikuwa nimewahesabu mara mbili.

"Kwa hiyo huyo ambaye hayupo atakuwa wa ngapi?"

"Wa ishirini, mama."

Kanga ikateremka kidogo, nikaona macho. "Wa ishirini! Ukoo wangu mzima uko uwanjani. Wajomba zake binti wako pale, na midomo yao. Waseme binti anachukuliwa na wa ishirini?"

Sauti ikatoka kwenye pamba. "Mwambie mama mbio hazijaisha."

"Mwambie nasikia upepo," akasema mama. "Na upepo huo ufunge mdomo, ubakize pumzi."

Nikapendekeza mama akae pembeni, ajifunike, kijana apite. Nilijua ni kosa kabla sijamaliza.

"Nikae pembeni! Hata yule wa kengele alitaka nikae pembeni. Mimi sipitwi na mkwe, mshenga. Yule alinipita akakosa mke, na huyu hanipiti." Akatazama barabara ilivyonyooka kuelekea mjini, halafu akauliza polepole, kama mtu anayepima kitambaa, "Mimi nikiwa mbele, tena mbali, na yeye yuko nyuma yangu, mila inavunjwa wapi?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. "Hakuna mahali, mama."

"Shika kapu."

"Mama, hilo kapu lina viazi tupu. Tugawane na hawa wenzako, mimi nusu."

"Kapu halina nusu."

Akakaza kanga kiunoni, akavua ndala akazishika mkononi, akaondoka. Nimeona watu wakikimbia maishani mwangu, wengine nilikuwa nawakimbiza mimi kwa ajili ya betri zangu, lakini sijaona mbio za namna ile. Hakurusha mikono. Alikwenda tu, kichwa kimetulia kama bado kina mzigo, na vumbi likamfuata. Alipofika umbali aliouona wa heshima, pamba ikafunguka, rafiki yangu akatoka akamfuata. Mama akiongeza, naye anaongeza. Mama akipunguza, naye anapunguza, tena anaangalia chini, anaangalia vidole vyake mwenyewe, asije akaona hata kisigino.

Wakampita mkimbiaji mmoja. Yule mtu alipoona mwanamke wa makamo anampita na ndala mkononi, aliacha kukimbia kabisa, akakaa chini. Wakampita wa pili. Mimi nyuma na kapu la viazi kichwani, shingo inaingia kifuani, napitwa na kila mwenye miguu. Nilihesabu walionipita mpaka nikachoka kuhesabu, na hilo halikuwahi kunitokea.

Nilipofika uwanjani nilikuta kelele. Mama alikuwa wa kumi na nne. Rafiki yangu wa kumi na tano, na alipofika tu alikwenda kujificha nyuma ya lori lililobeba viti. Mama yeye alikuwa amesimama mbele ya mwalimu mwenye daftari.

"Mama, wewe hujajiandikisha."

"Kwani barabara umeiandikisha?"

"Namba yako iko wapi, mama?"

"Nimezaa saba. Andika saba."

Mwalimu akatazama jukwaani, ambako hotuba ilikuwa inasubiri kuanza na haiwezi kuanza kwa kelele zile. Akamkatia sabuni. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka hotuba ikasahau ilikotaka kuanzia.

Mimi nilicheka. Sikucheka sana, kwa sababu pembeni niliwaona wajomba watatu wa binti wamekaa kwenye benchi, na hawacheki. Nikasogea na kapu langu nikasikia wanachoongea. Wao hawakujua habari ya pamba wala ya mapatano yetu barabarani. Walichokiona ni kimoja: mama wa watu anakuja mbio, ndala mkononi, na nyuma yake mwanamume mwenye mapaja wazi anamfukuza.

Jumapili tulikwenda. Rafiki yangu alivaa suruali, shati la mikono mirefu na koti, kwenye jua lile, akabaki nje chini ya upenu kama mila ilivyotaka. Jasho lilikuwa linamtiririka kuliko siku ya mbio. Njiani hakuwa ameongea ila mara moja: "Wakikataa, ndugu, mimi mizani siiwezi tena. Nitakuwa napima mawe."

Mjomba mkubwa hakutaja ng'ombe. Alitaja shitaka. "Kijana wenu amemkimbiza mama mkwe hadharani. Mbele ya wilaya nzima. Nusu uchi. Yule wa baiskeli tulimrudishia mifugo kwa kengele tu. Huyu tumfanyeje?"

Nilikuwa nimejiandaa kupunguza bei. Sikuwa nimejiandaa kwa kesi. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta.

"Nani alimpita nani?"

Mjomba akakohoa. "Hakukupita. Ila alikuwa nyuma yako, na ile nguo..."

"Nguo gani? Mimi nilikuwa mbele njia nzima. Kisogo changu kina macho?"

"Watu walimwona, dada."

"Watu si mama mkwe. Mimi sikumwona, na yeye hakuniona, maana alikuwa anaangalia chini mpaka nikaogopa atagonga ng'ombe. Huyo ndiye mkwe. Ametoka pale shambani mpaka uwanjani, sabuni iko mbele yake, na hakunipita. Nyie kwa sabuni mngenikanyaga."

Mjomba mdogo akaanza kuuma mdomo. Mkubwa akajikaza bado. "Haya. Na hizo mbio zake, angalau anazo?"

"Hana," ikajibu sauti ya jikoni. "Nilimsubiri mara mbili."

"Ulimsubirije bila kumwona?"

"Alikuwa anahema kama tela la pamba. Anakosekanaje?"

Hapo mjomba mdogo akashindwa, na wa kati naye, na mkubwa akaficha uso kwa kofia, tumbo linaruka. Walicheka mpaka kibuyu cha togwa kikaanguka. Mimi nimekaa sokoni miaka mingi, na najua kwamba mwanamume anayecheka hahesabu vizuri. Nikasema haraka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi tuseme ng'ombe kumi na wawili."

"Sawa, sawa," akasema mkubwa, anafuta machozi.

"Mshenga," ikasema jikoni, "hiyo nayo nimeisikia. Kumi na wanne."

Ikawa kumi na watatu, na nje, chini ya upenu, nikasikia mtu anavua koti.