Zoezi la Boti Katika Gereji ya Gikondo

Mwishoni mwa mwaka 1994 niliajiriwa kuwachangamsha watu wa Kigali. Sitanii. Barua ya ajira ilisema "mratibu wa mafunzo", lakini mkuu wa shirika alinifafanulia siku ya kwanza kwamba kazi yangu ni kupanga semina ya madereva na watu wa ghala, na kuhakikisha washiriki hawasinzii. Maji tulikuwa tunabeba kwa madumu, umeme ulikuja ukijisikia, madirisha mengi yalikuwa yamezibwa kwa nailoni, na kila uliyekutana naye njiani alikuwa anamtafuta mtu wake. Shirika letu la misaada liliyatazama yote hayo likaona tatizo kubwa ni usingizi wa baada ya chakula cha mchana.

Nilipata kazi hiyo kwa sifa mbili. Nilikulia ukimbizini Tanzania na kufundisha shule ya msingi upande wa Karagwe, kwa hiyo nilijua kushika chaki. Pia nilijua Kiingereza cha kutosha kumwelewa mzungu akizungumza polepole. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama yangu, na wenye mji walikicheka mbele yangu bila haya. Siku zile Kigali ilikuwa na watu wa aina mbili, waliokuwa hapa wakati wa mauaji na sisi tuliokuja baadaye. Waliokuwa hapa walisema kidogo sana. Sisi tuliotoka Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania tulikuwa na maneno ya kutosha nchi nzima.

Mmoja wa waliokuwa hapa alikuwa mama aliyetunza stoo yetu ya mtaa wa Gikondo. Umri wake ulikuwa kama wa shangazi zangu. Alipokea mahindi, maharage na mafuta, akayatoa, akafagia, akafunga. Rwanda mwanamke mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, mama wa fulani. Yeye alipoulizwa aitwe nani, alisema mwiteni vyovyote, na madereva wakamwita Mama Stoo. Sisi wengine tukafuata, hatukuuliza zaidi. Alikuwa anakaa chumba kimoja na watoto wawili wa jirani ambao hawakuwa na mtu mwingine, na posho ya unga na maharage aliyopewa kila mwezi ndiyo iliyokuwa chungu chao chote.

Sasa wafadhili waliamua kwamba ghala lina watu wengi mno. Mwaka mpya ukianza, mikataba ingekwenda kwa wale tu watakaoonyesha "ushiriki mzuri" kwenye mafunzo. Aliyekuja kuupima huo ushiriki alikuwa mtaalamu kutoka ng'ambo. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Kanombe akiwa na sanduku la karatasi kubwa, kalamu za rangi na mpira mdogo wa manjano. Nilimwita mwalimu, akanirekebisha kwa tabasamu. Yeye hafundishi, anawezesha. Maarifa yote yamo ndani ya washiriki wenyewe, yeye kazi yake ni kuyatoa. Nilijiuliza kwa nini basi tumemlipia ndege, lakini nilikuwa mgeni kwenye fani.

Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikula kila alichopewa, alisalimia walinzi, na aliamini kazi yake kwa moyo safi. Tulikaa kupanga. Mimi nilipendekeza tuanze saa tatu, kwa sababu kuna watu wanatembea kwa miguu kutoka Gahanga. Nikasema chakula kiwe chepesi, madereva waulizwe kuhusu barabara na magunia yanayopasuka, na mwishoni kila mtu apate soda, maana semina isiyo na soda Kigali inahesabika kama mkutano wa kukaripiwa. Aliandika soda. Mengine aliyapokea kwa heshima kubwa, kisha akanionyesha ratiba aliyokuja nayo tayari. Kila baada ya saa moja palikuwa na mchezo.

Ukumbi ulikuwa gereji ya zamani. Shimo la kukagulia magari tulilifunika kwa mbao na mkeka, na harufu ya oili tuliiacha ilivyo. Asubuhi ya kwanza mwezeshaji alitusimamisha duara akataka kila mmoja aige mnyama anayempenda, kwa sauti na kwa viungo, ili barafu ivunjike, yaani watu wazoeane. Huo msemo wa barafu niliutafsiri, na mlinzi mmoja akaangalia chini kama kuna kitu kimeanguka. Ilipofika zamu ya dereva mmoja mtu mzima aliyekulia Uganda, akachagua ng'ombe.

"Lakini ng'ombe gani?" aliuliza. "Ile ya hapa ama ile ya Ankole?"

Mwezeshaji akasema yeyote tu. Kumbe hakuna ng'ombe yeyote tu. Fundi aliyetoka Burundi akasema Ankole wana pembe lakini hawana mwendo. Dereva akamuuliza Burundi ng'ombe wamewaona wapi, kwenye picha? Mlinzi mzee akaingia katikati ya duara, akainua mikono yake juu ikawa pembe ndefu, akatembea taratibu, na gereji nzima ikatulia kumtazama. Kisha makelele yakazuka upya, watu wanasukumana mabega, wanacheka, wanasifu ng'ombe wa baba zao ambao wengine hawajawahi kuwaona. Mama Stoo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na nyuma ya kiganja alikuwa anacheka.

Mwezeshaji akaangalia saa. Mchezo ulikuwa umepewa dakika chache, na hakuna hata mtu mmoja aliyelia "muu". Akapiga makofi kuwarudisha kwenye mada, na mada ilikuwa jinsi ya kuongeza ushiriki.

Baada ya hapo tulishiriki kweli kweli. Akiuliza kama kuna swali, tunajibu hakuna shida. Akiuliza kama tumeelewa, vichwa vyote vinaitikia "yego, yego", ndiyo, ndiyo, na kuitikia huko kungemfurahisha mtu yeyote asiyejua kwamba mbele ya mgeni na mkuu wa kazi hakuna mwenye akili timamu anayesema hakuelewa. Maswali yalikuwepo, tena mazuri. Yaliulizwa jioni, kwenye bia na mishikaki, mwezeshaji akiwa ameshakwenda kulala. Mchana tulikula melanje, ile sahani inayobeba wali, ndizi, viazi na maharage kwa pamoja, na mtu akishaimaliza hata tarumbeta haimwamshi. Dawa ya mwezeshaji ilikuwa kuondoa viti hadi saa ya chai. Tulisinzia tumesimama.

Kila jioni alibandika ukutani alama za ushiriki, kutoka moja hadi tano. Wasemaji walipanda. Dereva kijana aliyekulia Kampala, mwenye Kiingereza chepesi kuliko changu, alipata tano kwa kuyarudia maneno ya mwezeshaji kwa mpangilio mwingine. Mama Stoo alipata moja, kisha moja tena. Mpira wa manjano, ambao anayeudaka hutakiwa kuzungumza, ulipomfikia aliudaka, akaushikilia kidogo kwa adabu, akampa wa jirani. Nilimfuata mezani, nikamweleza kwamba alama hizi ndizo zitakazoamua nani abaki kazini.

"Mama, sema chochote," nilimsihi. "Hata uongo."

"Mwalimu, mimi iko nasikiliza," alinijibu. "Kusikiliza si kazi?"

Nilimpelekea mwezeshaji hoja hiyo hiyo. Nikamwambia huyu ndiye anayejua kila gunia lilipo, na kwa mila za hapa kunyamaza ni heshima. Akaniambia ananielewa vizuri, kisha akasema shirika haliwezi kupima heshima.

Siku ya mwisho, wakati wa chai, akanipa karatasi ya zoezi la kufungia. Niliisoma mara mbili. Boti inazama ziwani. Ndani yake kuna watu saba: daktari, mjamzito, mzee, mwanafunzi, padri, askari, mfanyabiashara. Boti inabeba wanne tu. Kikundi kijadiliane, kikubaliane nani abaki na nani atupwe majini, na kitoe sababu.

"Hili hapana," nilimwambia. "Si hapa."

Akanihakikishia kwamba limejaribiwa kila bara. Ndilo zoezi ambalo halijawahi kushindwa, hata watu wazito hufunguka.

"Hapa watu wameshalicheza," nikasema.

"Vizuri," akasema, na uso wake ukang'aa. "Basi hatutapoteza muda kulieleza."

Nikamwambia mimi sitafsiri. Akasema hakuna tatizo, ana picha, na yule kijana wa Kampala atasaidia. Hiyo ndiyo faida ya maandalizi mazuri. Nilikwenda kusimama mlangoni kwa hasira, nikiwa nimekunja mikono.

Alichora boti kwenye karatasi kubwa, nzuri tu, yenye bendera. Kisha akapita meza hadi meza akigawa kadi, kila kadi na mtu wake na aina yake. Huu ni mji ambamo miezi michache nyuma wewe ulikuwa unasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, unatoa kadi yako ya kitambulisho yenye kabila, na mwenye kuisoma anaamua kama utaendelea kuishi. Mwezeshaji aliziweka kadi zake mezani, akasugua mikono, akasema tuna dakika kumi na furaha tele.

Hakuna aliyegusa kadi. Wale tuliokuja tuliwatazama waliokuwa hapa, na waliokuwa hapa walitazama meza. Mwezeshaji akadhani hawajaelewa, akaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Fundi wa Burundi akajaribu kutuokoa.

"Bosi, sisi iko na boti kubwa," alisema. "Wote wanaenea."

Wachache wakacheka kicheko cha kukohoa. Mwezeshaji naye akacheka, akasema hapana, sheria ni sheria, wanne tu. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mama Stoo. Nadhani alitaka kumsaidia. Maneno yangu yalikuwa yamemwingia, na hii ilikuwa nafasi ya mwisho ya kumpandisha kutoka kwenye ile moja yake. Akainama kwa upole akamuuliza, kijana wa Kampala akitafsiri:

"Mama, nani atoke?"

Mama Stoo akainuka, akakusanya kadi zote saba za meza yake, akazinyoosha kingo, akatembea hadi ukutani na kuzishikilia kwa kiganja juu ya ile boti.

"Hakuna mutu anatoka," alisema.

"Lakini boti itazama," mwezeshaji akamwambia, bado anatabasamu. "Wote watakufa."

"Nimesikia. Wazame wote, na mimi ndani." Hakupandisha sauti. "Ile mara ingine mimi nilibaki peke yangu. Hii mara sibaki."

Kijana wa Kampala aliokota kalamu yake mezani. Baba yake alikuwa amemtuma Kigali kuwatafuta wadogo wa huyo baba, na hakuwapata. Mwezeshaji alimsubiri amtafsirie, nyusi juu.

"Anasema," kijana akasema kwa Kiingereza, akitazama kalamu yake, "timu inatakiwa kukaa pamoja."

Mwezeshaji alipiga makofi. Aliyapiga peke yake, kwa muda mrefu, katika gereji ambayo hakuna mtu mwingine aliyeweza kunyanyua mkono. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya boti neno moja kubwa lenye maana ya mshikamano, akalipigia mistari miwili. Akasema katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kupata jibu zuri namna hiyo. Na hapo hapo, mbele yetu, akaifuta ile moja ya Mama Stoo na kuweka tano.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jenereta nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa kwa sababu sikuweza kusema kwamba mwezeshaji ameharibu. Mama alikuwa amebaki kazini. Wale watoto wawili wangekula mwaka mzima. Hakuna lolote kati ya yote niliyopanga mimi, saa tatu, chakula chepesi, maswali ya barabara, lililoweza kufanya hivyo.

Vyeti viligawiwa, picha ikapigwa, kreti za soda zikaletwa. Mwezeshaji akanivuta pembeni akanishukuru kwa ushirikiano, nami nikamshukuru kwa kunishukuru. Akaniambia lile zoezi niliweke kwenye mafunzo ya kila mwaka, katika maghala yote, maana ameona mwenyewe jinsi linavyowagusa watu.

Nilimkuta Mama Stoo ameketi kwenye gunia karibu na mlango wa ghala. Soda yake alikuwa hajaifungua, alikuwa anawapelekea watoto. Nikakaa karibu naye.

"Mwalimu, kazi nimepata?"

"Umepata, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akakinyoosha kitenge chake magotini.

"Kumbe ni ile maneno walikuwa wanatafuta," alisema. Akanigeukia. "Na mwaka ingine, watauliza tena?"

Nikamwambia sijui.