Mkeka wa Tumbo

Kila asubuhi, kabla ya chai, nyanya yangu Mwanaarusi humuuliza yeyote anayepita mlangoni: "Umeamkaje? Jana ulikunywa maji wapi?" Majirani zetu wa Garsen wamemzoea, hujibu huku wakicheka.

Swali hilo alitoka nalo kazini. Miaka ya hamsini alikuwa akifagia dispensari na kuwakalisha wagonjwa: wa homa mkeka wa ukutani, wa macho wa dirishani, wa tumbo wa karibu na mlango. Dresa Komora, mtibabu wa dispensari, akifika, aliitazama mikeka kabla ya kumtazama mgonjwa. "Homa imepanda, Mwanaarusi. Macho yamepungua." Ndivyo walivyojua mwaka unakwendaje. Nyanya akisimulia hufumba macho, kama anayesikia tena harufu ya dawa ya kuoshea sakafu.

Mwaka mmoja, mto uliporudi chini baada ya mafuriko, mkeka wa tumbo ulijaa hadi watu wakakaa mchangani. Komora aliyalaumu mafuriko. Nyanya akaanza kuuliza mmoja mmoja.

"Mama, mimi naumwa tumbo, wewe nauliza maji?" alilalamika Halake, mfugaji wa Kiorma.

"Jibu kwanza, utaumwa baadaye."

"Nakunywa kivukoni. Kwa mzee Buya."

Aliyefuata alisema hivyo hivyo, na wa nyuma yake pia. Buya alikuwa mume wa Nyanya, yaani Babu yangu. Alivusha watu kwa mtumbwi, na kando yake aliwawekea abiria mtungi wa maji, bure. Sifa yake yote mtoni ilikuwa mtungi ule. Lakini baada ya mafuriko ukingo ulikuwa tope tupu, naye badala ya kwenda mbali akawa anachota hapo karibu, ng'ombe wanaposimama wakingoja kuogeleshwa ng'ambo.

Nyanya alijua kwamba akisema, watu watakikimbia kivuko, na nyumbani watakula nini? Hata hivyo alimwambia Komora mchana ule ule. Mtungi ukamwagwa hadharani, abiria wakahamia kivuko cha juu, na mkeka wa tumbo ukaanza kupata nafasi.

"Umeniaibisha mbele ya wafugaji," Babu alimwambia. Tangu siku hiyo akawa anakula barazani peke yake, hata abiria walipoanza kurudi mmoja mmoja.

Juzi, tukichambua mchele, nilimuuliza, "Nyanya, Babu alikusamehe?"

"Hapana," alisema. "Lakini maji alichemsha."