Sherifu wa Saint-Josse

Baba yangu alinisomesha Kiingereza hadi chuo kikuu Lubumbashi, huku akiwatangazia majirani kwamba binti yake atakuja kufanya kazi na mabalozi. Kazi yenyewe niliipata Brussels, na balozi ni yeye. Kila Jumamosi alasiri napanda ngazi za nyumba yake Saint-Josse, juu ya duka la mawigi, nakaa kwenye kiti kilicho karibu na redio, na kumtafsiria farasi.

Ni kiredio cha intaneti alichokigundua alipostaafu na kukosa mtu wa kumwamrisha. Kina kituo kimoja kinachocheza mchana kutwa michezo ya zamani ya Wamarekani: farasi, upepo, bunduki, mlango wa baa unaolia kwa kukosa mafuta. Hadithi ni ileile, hubadilishwa kofia tu. Jambazi ametoka gerezani, anaapa kulipiza kisasi kwa wote waliompeleka huko, anaua wawili watatu ili tusisinzie. Sherifu, mkuu wa polisi wa kijiji chao, anapanda farasi na kumfuata hadi milimani. Risasi, kisha muziki. Halafu bwana mmoja mwenye sauti nzito anatuhimiza tununue sabuni ambayo kiwanda chake bila shaka kilishazikwa pamoja na yeye mwenyewe. Hiyo sabuni nayo baba anataka itafsiriwe.

Kiingereza hajui, lakini mambo ya cowboy anayajua kuliko Katekisimu. Yeye na mdogo wake walikulia katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Katanga, ambako jioni za mapumziko kampuni ilitundika kitambaa cheupe na kuwaonyesha watu filamu za farasi, labda ili wasahau mshahara. Watanzania ninaokutana nao hapa husema steringi hafi. Sisi shujaa huyo tulimwita acteur, na yeye pia hakuwa na desturi ya kufa. Kesho yake watoto wa kambi waliicheza filamu upya uani. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa acteur. Mdogo wake alikuwa jambazi. Kura haikupigwa. Mdogo alipigwa risasi ya kidole, akaanguka vumbini, akachapwa na nyanya yangu kwa kuchafua nguo, na siku iliyofuata akaanguka tena. Baba huisimulia habari hii kwa fahari ya jenerali, na mpaka leo haoni kama ina upande wa pili.

Miaka michache iliyopita nyanya alifariki Lubumbashi. Tulio mbali tuna utaratibu wetu: kilio hufunguliwa nyumbani kwa mtoto mkubwa. Mlango huachwa wazi, viti hupangwa kuzunguka kuta, picha ya marehemu huwekwa na mshumaa, na watu huja kulia, kula na kugombana kidogo. Mtoto mkubwa alikuwa baba. Akafanya mambo kama inavyopasa, yaani pole pole. Alikwenda parokiani kuazima viti. Akatafuta picha ambayo nyanya haonekani amekasirika, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kwa sababu nyanya alikuwa amekasirika. Alipoipata, mdogo wake alikuwa ameshafungua kilio kwake Saint-Gilles, upande mwingine wa Brussels, katika chumba chake cha ghorofa ya juu, na tangazo lilikuwa limeshazunguka simu zote za Wakatanga wa mji huu.

Wote walikwenda Saint-Gilles, hata wale ambao nyanya hawakumjua na walivutwa na harufu ya pombe. Saint-Josse tulibaki mimi na baba, viti vya parokia, na sufuria la bukari, ugali wetu, ambalo lingelisha treni nzima. Aliketi akiutazama mlango wazi. Nilimwona akilia siku ile, na sikujua analia kwa ajili ya mama yake au kwa ajili ya vile viti. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tangu hapo hakulitaja tena jina la mdogo wake. Akawa "ule bandit," yule jambazi. Baba aliapa atamlipizia. Vipi, hakusema. Kisasi chenyewe kilikuwa cha ajabu: alimwadhibu mtu kwa kutompigia simu, na akamzidishia adhabu kwa kutomwambia kwamba anaadhibiwa. Baba mdogo alijaribu kuja mara kadhaa, akaambiwa kupitia kwangu kwamba mzee amelala. Mzee alilala usingizi huo miaka yote, redio ikipiga kelele.

Mwaka huu baba mdogo akanipigia. Mke wake ameshafariki, magoti yamezikataa ngazi, na binti yake huko Lubumbashi amemwandalia chumba. Anarudi moja kwa moja. Kwa umri wa wazee hawa wawili, nilijua maana ya moja kwa moja, na yeye alijua kwamba najua. Kisha akanieleza safari yake. Atapanda treni ya uwanja wa ndege pale stesheni ya Midi, karibu na kwake. Treni hiyo hupita Gare du Nord, stesheni ya upande wetu, na msafiri mwenye akili timamu hubaki kwenye kiti chake. Yeye atashuka Nord na masanduku yake yote, atasimama, halafu atapanda inayofuata. Nimwambie yaya wake, kaka yake mkubwa, hivyo, basi.

Kutoka kwa baba hadi Nord ni matembezi ya kuteremka tu, hata kwa mzee. Nikamwambia. Akaniomba niongeze sauti ya redio.

Nikafanya ambacho msomi yeyote wa lugha angefanya: nikaanza kudanganya. Jumamosi iliyotangulia safari, sherifu wa kwanza alimfikia jambazi mlimani, na katika tafsiri yangu akakumbuka kwamba walinyonya ziwa moja. Wa pili alishuka kwenye farasi akaomba radhi. Majambazi wa Marekani waliokoka wengi zaidi alasiri ile kuliko katika mkutano wowote wa injili niliowahi kuhudhuria hapa mjini, na ile yetu ina vipaza sauti. Nilikuwa nimenogewa kabisa, wawili wamekumbatiana kando ya mto, redio ilipolia mlio mmoja mkubwa ukafuatwa na kishindo cha mtu mzito.

Baba akainua mkono. "Unasema anamusamehe. Bon. Alors, ni nani ule anapika bunduki?"

Nikasema wanapiga hewani, kwa furaha.

"Na ule anaanguka?"

Nikasema furaha imemzidi.

Alinitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Akaniagiza nitafsiri kama mtu aliyesoma. Hapo nikakasirika. Miaka yote ile ya kubeba maneno ya watu wa farasi, na ya kumwambia baba mdogo mlangoni kwamba mzee amelala, ikanipanda kichwani. Basi nikatafsiri kama mtu aliyesoma, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

Mchezo uliofuata ulianza na mwanamume anayezungumza peke yake. Nikamwambia baba: anasema amekaa siku zote akiuwaza uso wa adui yake. Anasema hasira anakula nayo, analala nayo. Anasema watu wanamwambia aache, lakini hawajui alivyofedheheshwa.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza ni acteur anasema hivyo?

Nikasema hapana, ni bandit.

Akauliza, na acteur je, anasema nini?

Acteur alikuwa anauliza kama kuna mahali pa kunywesha farasi maji. Nikamwambia hivyo hivyo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshachafukwa, nikaongeza kwamba ndivyo ilivyo katika hadithi zote alizowahi kunitafsirisha, anaweza kumuuliza farasi. Anayeapa kisasi na kukitunza kama yai huwa ni bandit. Mwingine anajitafutia maji tu.

Muziki ukalia, bwana wa sabuni akaja na povu lake, na kwa mara ya kwanza baba hakuuliza anasema nini. Niliondoka nikiwa na hofu kwamba nimemuumiza bure.

Siku ya safari nilimkuta amevaa suti ya Pasaka na kofia. Alisema anakwenda kununua mkate. Tukaipita mikate yote ya Saint-Josse, ya Waturuki na ya Wamoroko, bila hata mmoja kumpendeza, tukatokea Gare du Nord, chini ya minara ya ofisi, tukapanda hadi kwenye jukwaa la treni. Nami sikuuliza, maana ningemharibia mkate wake.

Kwenye redio treni ya jambazi hufika kwa wakati. Yetu ilitangazwa kwa Kifaransa na Kiflemi kwamba imechelewa, na baba akasimama wima muda wote huo, asikubali benchi. Ilipofika, mdogo wake alishuka na masanduku mawili makubwa, moja limefungwa kamba. Alikuwa amekonda kuliko nilivyotarajia. Wakasimama, huyu huku, yule kule, abiria wakiwapita katikati. Kwa desturi mdogo ndiye husalimu kwanza. Baba alingoja salamu yake. Haikuja.

Baba mdogo alisema, bila kupandisha sauti: "Yaya, tangu tuko batoto, ni miye nilikuwa nakufa. Kila siku miye. Weye haukukufaka ata siku moja."

Kisha akanyoosha mkono, kidole cha kwanza mbele, gumba juu, akamlenga baba kifuani.

Nilijua kitakachofuata: baba atageuka, tutarudi nyumbani, na nitatafsiri farasi mpaka siku nitakayopokea simu kutoka Lubumbashi. Nilimchukia kwa dakika ile, na sitaipamba. Halafu baba akaweka mkono kwenye moyo. Akapepesuka. Magoti yake ya uzee yakakubali kwa awamu, kwanza akalalia lile sanduku la kamba, kisha akateleza hadi chini kabisa, kwenye sakafu ya Gare du Nord ambayo mimi siiwekei hata mkoba. Kofia ikabingirika ikaenda zake. Mama mmoja mwenye mbwa akaita msaada, mlinzi akaja mbio na simu yake ya upepo, na wote wakanigeukia mimi niwaeleze. Nina lugha nne. Hakuna hata moja iliyotoka, kwa sababu nilikuwa nalia.

Baba, chali, macho ameyafumba, ndiye aliyesema.

"Bon. Nishakufa. Kilio, utafungula weye."

Mdogo wake akapiga magoti pale chini kumwinua, ikachukua muda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka. Treni ya uwanja wa ndege ikaja, ikafungua milango, ikaondoka. Alipanda iliyofuata.