Matone Mawili ya Mafuta ya Saa

Mtaani walimwita mke wangu Mama Viroboto, na mimi nikageuka Baba Viroboto bila kuulizwa. Nina kibanda changu cha kutengeneza saa, nimekaa humo zaidi ya miaka arobaini, lakini umaarufu wangu wote ulimezwa na vidudu ambavyo huwezi kuviona mpaka ukunje uso. Zamani jina hilo lilinikera. Sasa ni mwaka wa tatu tangu marehemu anitangulie, na mtu akiniita Baba Viroboto naitika haraka kuliko akiniita fundi.

Alifanya kazi kwenye maabara ya maji. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja, meza ndefu ya vigae vyeupe na rafu tatu za mitungi ya kioo. Kwenye mitungi hiyo alifuga viroboto wa maji. Si wale wa mbwa. Hilo alilieleza mpaka akachoka. Hawa hawaumi mtu. Wanaishi kwenye mabwawa na mifereji, ukoo wao na kaa ni mmoja, na mtoto wao ni mdogo kama kichwa cha pini. Anapoogelea anarukaruka, ndiyo maana wakamwita kiroboto.

Mtu akitaka kuuza dawa ambayo mwisho wake itaingia majini, ilibidi kwanza ipite kwa mke wangu. Alichukua viroboto waliozaliwa jana yake, akawagawa watano watano kwenye glasi, glasi nne kwa kila kiasi cha dawa, kuanzia hafifu hadi kali. Glasi nne nyingine hazikutiwa dawa kabisa, maji matupu tu. Hizo aliziita mashahidi. Baada ya siku mbili alihesabu. Aliitikisa glasi polepole, akaangalia kwa sekunde kumi na tano, na yule ambaye hajaogelea akamwandika.

Siku moja nilimuuliza, "Leo wamekufa wangapi?"

"Sisi hatusemi wamekufa," akanijibu, na mikono kiunoni. "Tunasema hawaogelei. Kufa anajua Mungu. Kuogelea nakuona mwenyewe kwa macho."

Ndivyo alivyokuwa. Hata nyumbani hukuweza kumwambia chumvi imeisha. Atakwambia haionekani kwenye kopo. Nilikuwa nikimcheka. Leo nikifungua kopo tupu nasema "haionekani", kisha nasimama pale jikoni kama mjinga.

Sasa, hadithi ya pampu.

Maji ya majaribio yalikaa kwanza kwenye tangi siku nzima yakipulizwa hewa na pampu ndogo, ndipo yakagawiwa kwenye glasi zote. Pampu hiyo ikaanza kukoroma. Fundi wa ofisi aliahidi kuja kesho, na kesho yake haikufika. Mke wangu akaniletea kibandani, ameifunga kwenye kitambaa.

"Fundi, hebu niangalizie hii. Si saa, lakini na wewe si una mikono?"

Niliifungua, nikakuta kimkono kimelegea, nikakikaza. Mngurumo ukaisha palepale. Lakini fundi saa hajui kurudisha mashine kavu. Tumefundishwa hivyo: mashine kavu ni mashine mgonjwa. Nikachukua sindano yangu, nikadondosha matone mawili ya mafuta ya saa, yale mazuri, ninayoweka kwa wateja wa heshima tu. Sikumwambia. Nilidhani namtendea wema.

Wakati ule walikuwa wakipima dawa ya kuua magugu ya kwenye mifereji. Lilikuwa jaribio kubwa, na mkuu wa maabara alishamdokeza mke wangu kwamba likienda vizuri, kiti cha msimamizi wa kitengo ni chake. Alikuwa amekingoja kiti hicho miaka tisa. Alishaninong'oneza hata rangi ya pazia atakayoweka kwenye ofisi yake.

Siku ya kuhesabu alirudi nyumbani akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Mashahidi wameanguka," akasema.

Kwenye maji matupu, viroboto sita kati ya ishirini walikuwa hawaogelei. Sheria inaruhusu wawili. Viroboto wa glasi za dawa walikuwa wamelala karibu wote, na mkuu akamwambia, "Si umeona dawa ni kali? Andika tumalize." Akakataa. Mashahidi wakianguka kesi hakuna, hata kama mshtakiwa unamjua ni mwizi. Akalitupa jaribio zima, akaanza upya.

La pili likaanguka. La tatu vilevile. Akabadilisha glasi, akabadilisha mwani wa kuwalisha wazazi wao, akaacha hata sabuni yake ya kuogea akiogopa inabaki mikononi. Alipungua mwili. Kila jioni alinisimulia upya, na mimi nikiitikia huku nakunywa chai.

"Wengine wanaelea juu kabisa," alisema jioni moja. "Kama wamenaswa na kitu ambacho hakipo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nitakipata tu."

Kesho yake nilikuwa nanawa mikono kwenye karai kibandani. Mafuta ya kidoleni yakagusa maji, yakatanda uso mzima kwa kufumba na kufumbua, na vumbi la meza likadondoka juu yake likakaa palepale, halizami wala halisogei. Nikayaangalia yale maji. Nikayakumbuka matone yangu mawili ndani ya ile pampu.

Ningekuwa mwanamume kamili ningefunga kibanda nikakimbilia maabara. Sikwenda. Nilijiambia huenda si hilo, matone mawili tu, huenda hewa inayapeperusha. Siku tatu nilikaa na jambo hilo kifuani. Siku ya tatu mkuu akamwambia mke wangu, mbele ya wenzake, kwamba labda macho yake yameanza kuchoka na angepumzishwa stoo, ahesabu chupa. Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaona anayeumbuka si mimi, ni mwenzangu.

"Mama," nikamwambia, "ile pampu niliitia mafuta."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliniuliza mafuta gani, matone mangapi, niliyaweka wapi, akaandika yote nyuma ya bahasha. Kisha akasema, "Hiyo ni kauli, fundi. Bado si jibu."

Akaenda kulijaribu kosa langu kama anavyojaribu dawa. Tangi moja akalipulizia kwa pampu yangu, jingine kwa pampu ya kuazima. Viroboto ishirini huku, ishirini kule. Siku mbili hizo saa zote kibandani zilikwenda polepole, na mimi ndiye ninayezitengeneza. Aliporudi alisema, "Ya kwako, saba hawaogelei. Ya kuazima, wote wazima." Akaniwekea mkono begani. "Kesho naenda kuandika."

Jaribio la dawa likarudiwa kwa maji safi na mashahidi wakasimama. Dawa ilikuwa na sumu kweli, ila si kali kama glasi zile za kwanza zilivyodai. Ripoti ikaenda, imechelewa wiki saba. Kiti akapewa kijana mmoja ambaye bado alikuwa hajui kumnyonya kiroboto kwa mrija wa pipeti bila kumvunja mgongo. Mke wangu akabaki kwenye meza yake ya vigae. Pazia hatukulitaja tena.

Mimi nilijua wazi kwamba pale maabara wote wananijua: yule mume aliyemwaga mafuta. Nikaacha kukanyaga kule. Nikimwona mkuu barabarani navuka upande wa pili, nainamia viatu vyangu. Miaka kumi na mmoja nilivuka barabara hivyo.

Siku mke wangu anastaafu, nisingeweza kukwepa. Kulikuwa na soda, biskuti, na hotuba ndefu. Mkuu alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Nikajikaza, nikamsogelea.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Kwa yale mafuta."

"Mafuta gani, ndugu yangu?"

"Ya pampu. Yaliyoharibu majaribio ya dawa ya magugu."

Akacheka, akanipiga bega. "Aa, yale! Hayo si aliandika mkeo mwenyewe? 'Kosa ni langu, mtunza jaribio.' Nilimwambia usiandike hivyo, kiti kitakupita. Akaandika. Sasa wewe unaingia wapi?"

Sikumbuki hata nilivyoagana naye.

Tulirudi kwa miguu, mimi nimebeba boksi la zawadi zake. Tulipofika mahali pasipo na watu nikasimama.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje kwa nini? Hujaajiriwa pale."

"Usinifanyie mzaha. Kiti kile kilikuwa chako. Mafuta nilitia mimi."

Akanitazama kama anavyotazama glasi, sekunde zake kumi na tano, hana haraka.

"Fundi, pale kuna sheria, na niliiandika mimi. Kifaa kikitoka kwa fundi kinajaribiwa siku mbili kabla hakijagusa maji. Nimewajaribu wote. Wa friji, wa umeme, hata yule wa taa aliyekuwa shemasi. Ile pampu sikuijaribu."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Ilitoka kwako."

Akaendelea kutembea. Mimi nilibaki nyuma kidogo na boksi langu, nikilia waziwazi barabarani, mtu mzima na mvi zangu, na watu wakinipita.