Jeki Isiyochimbiwa Shimo

Shule nilisoma mpaka nikajua kuandika jina langu, basi. Mengine nimefundishwa na chuma. Nyumba hii ya Buguruni nimeijenga kwa kulala chali chini ya magari ya watu, wala sikubebwa na mtu. Wa kumshukuru ni Mungu, na baada yake shemeji yangu, ambaye ndiye ninayemsimulia hapa.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wangu. Wao Wazaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo alikuwa shemeji na mtani juu yake. Tulianzisha gereji uani kwangu wakati wa Mwingereza, teksi zilipoanza kuwa nyingi mjini. Nasema gereji, lakini ilikuwa nguzo nne, paa la makuti na mchanga.

"Mnyamwezi," alikuwa akiniambia, "nyie mlikuja pwani mmebeba pembe za ndovu za watu kichwani. Leo hata gari mnataka jeki iwabebee."

"Na nyie mlikaa barazani mkitutazama tunapita. Mpaka leo unatazama. Lete spana."

Jeki yetu ilikuwa moja, ya lori, niliyoipata kwa dereva aliyekuwa akisomba mkonge. Nguvu ilikuwa nayo, lakini ilikuwa ndefu. Chini ya lori inaingia bila taabu. Teksi ni gari la chini, na tairi ikiisha upepo ndiyo inalala kabisa, jeki haipiti. Tukafanya walivyofanya mafundi wote wenye nyua za mchanga: unachimba shimo chini ya gari, unalaza ubao ndani, jeki inasimama juu ya ubao. Gari likishapanda, unasukuma vigogo vya mnazi chini yake. Ndipo mtu anaingia. Kigogo kwanza, mtu baadaye. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na aliyeitunga ni yeye.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kisha jua likawaka. Tulikuwa tumeinua teksi, vigogo bado, tukasikia watu wanakuja na jeneza. Mtaani kwetu jeneza likipita huulizi nani kafa. Unaacha ulichoshika, unakimbia, unatia bega. Tukakimbia. Shemeji akaenda nyuma upande wa kushoto, alipopendaga kubeba, maana alikuwa mfupi na mbele walimzidi. Mie nikabanwa na watu hadi makaburini. Yeye akafika konani akarudi, kwa kuwa mwenye teksi alikuwa amekaa uani anangoja gari lake.

Mke wangu alikuwa jikoni. Alimwona kaka yake akiingia huku anajifuta mikono kwenye kaptula, akamwona analala chini na kujisukuma ndani. Pengine alidhani vigogo tumekwisha kuviweka. Ukiacha kazi katikati ukaenda kwenye maiti, ukirudi huna hakika uliishia wapi. Na muda wote huo jua lilikuwa linakausha ule mchanga uliolowa, ukingo wa shimo unamomonyoka kidogo kidogo. Ubao ukaenda upande.

Nilirudi kutoka kuzika mtu nisiyemjua, nikakuta kilio kwangu.

Kesho yake likapita jeneza letu, na watu wasiotujua wakaacha kazi zao wakaja kutia bega. Matangani nilingojwa niseme. Mtani ndiye anayechekesha wafiwa, ndiyo kazi yake. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Shangazi yao mmoja akasema, watu wote wanasikia: "Mtani gani huyu? Hata kututania hawezi?" Nikatoka nje.

Arobaini ilipokwisha mke wangu alinifuata uani.

"Baba watoto, shimo lile lifukie, na lisichimbwe tena hapa."

"Teksi nitainuaje?"

"Hilo lako. Siku nitakayoona jembe chini ya gari, nachukua wanangu narudi kwetu Msasani. Sitakaa nikitazama unamchimbia mwingine."

Ninamfahamu. Halisemi neno mara mbili.

Nikafukia. Asubuhi pale pamebonyea. Nikaongeza mchanga, nikashindilia kwa miguu. Asubuhi pamebonyea tena, urefu wa mtu aliyelala. Mie fundi, najua mchanga uliochimbwa hushuka. Najua. Lakini nilikuwa nikiwahi kuamka ili nipasawazishe kabla mke wangu hajatoka, na mara nyingine nilimkuta amekwisha simama pale, kanga kajifunika kichwani, anatazama.

Wateja wakahamia kwa wengine. Ile teksi ilibaki uani, mwenyewe hataki kuiona. Nikajua nisipopata jeki ya kuingia bila shimo, nitapoteza gereji. Na nikichimba, nitapoteza nyumba. Basi nikalala ubavu kando ya teksi hiyohiyo, tairi yake haina upepo, nikachukua kijiti cha ukuti nikakikata sawasawa na nafasi iliyokuwepo kati ya chuma na mchanga. Nikakitia mfukoni nikaenda mjini.

Mwenye duka, Mhindi mtu mzima, alinitolea jeki nyekundu inayong'aa.

"Fundi, hii nguvu sana. Inainua mpaka huku." Akaonyesha kifuani.

"Sikuulizi inaishia wapi. Nakuuliza inaanzia wapi."

Nikasimamisha kijiti ubavuni mwake. Jeki ilikuwa mara mbili yake. Mzee akacheka. "Watu wote wanauliza juu, wewe peke yako unauliza chini."

"Hao hawajazika."

Akaacha kucheka. Akaingia ndani akarudi na mbili zilizolala kama mamba, zina magurudumu ya chuma. Zote zilikuwa fupi kuliko kijiti. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na nzuri, lakini kuishusha lazima uinamie gari, uingize mkono ufungue skrubu. Ya pili ilikuwa na mpini mrefu. Unausokota umesimama zako nje, gari linashuka. Nikashika mpini ule nikausokota, nikausokota tena. Nikasema hii.

"Kwako sakafu gani?" akauliza.

"Mchanga."

"Basi usichukue. Magurudumu yatazama, utanirudishia."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mtu amepata anachokitafuta halafu anaambiwa uwanja wake haufai. Lakini alisema kweli. Jioni niliingia kwangu na mkokoteni, jeki juu, mifuko ya saruji chini yake.

Mke wangu alichota maji yeye mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Tulipofika pale palipokuwa panabonyea alininyang'anya mwiko. Akapasawazisha kwa mkono wake, anasoma Fatiha polepole, mpaka pakawa kama sahani. Akaniambia, "Ikikauka, lete gari."

Gari la kwanza lilikuwa ile teksi. Magurudumu ya jeki yalipiga kelele juu ya saruji, kelele ya kusaga meno, jeki ikaingia bila kugusa. Mke wangu alisimama mlango wa jikoni mpaka nilipotia vigogo vyote.

Baadaye, siku moja nilikuwa nimeinua gari jingine, vigogo bado, nikasikia sauti za watu wa jeneza zinakuja. Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe.

"Shusha!" Mke wangu, toka jikoni.

Nikarudi nikasokota mpini. Gari likashuka taratibu, kama bibi anayekaa chini na magoti yanamuuma. Huwezi kuliharakisha. Jeneza likapita mbele ya uwanja wangu mie nimeshika mpini, na jirani mmoja akanitupia neno: "Mnyamwezi, kazi gani hiyo isiyomngoja maiti?" Tairi zilipogusa saruji nikatupa mpini, nikakimbia.

Toka siku hiyo mie huchelewa kwenye kila jeneza, na watu hapa wanasema nina kiburi. Kiburi ninacho, lakini si hicho. Hufika nahema, wabebaji wamejaa pande zote, wanasukumana. Na kila mara, nyuma upande wa kushoto, naikuta nafasi moja wazi. Natia bega hapo.