Siagi ya Kirolirwe

Bibi yangu Dancille alizaliwa Kirolirwe, kwenye ng'ombe, akaolewa Walikale, kwenye msitu na mvua. Kila alipotoka kwao alibeba kibuyu cha siagi. Kabla ya kuolewa aliwahi kumpikia mzungu mmoja mtafuta mawe, na mzungu huyo alimmalizia siagi yake: aliipaka kwenye ubao, akaimwagia maji na changarawe. Mawe mengine yaliteleza yakaenda zake, almasi ikanata. "Inazaliwa chini sana ardhini," alimwambia, "na hakuna jiwe linaloweza kuikwaruza. Lakini ukiigonga kwa nyundo, inapasuka."

Mwaka 1952 babu yangu Nzabandora alikuwa akiosha mchanga wa kasiterite, madini ya bati, mtoni. Akaona kijiwe kinang'aa, akakitia mfukoni ampelekee binti yake Colette achezee. Mtu mzima na akili zake! Siku hizo kukutwa na almasi kulikuwa kifungo cha miaka mingi.

Bibi alipokiona tu, alipaka siagi kwenye sinia, akakilowesha, akakiweka juu yake na kumwaga maji. Kijiwe kiling'ang'ania. Akajua ni almasi. Kabla hajakitupa, kapita Gustave alikuwa mlangoni.

Gustave, msimamizi wa wachimbaji, alijua kila kitu, hata asichokijua. Alikichukua kijiwe.

"Nzabandora, hii iko diamant. Leo unaenda mu prison."

"Kapita, hiyo iko chupa tu," babu alisema. Naye aliamini hivyo.

Bibi akajipenyeza katikati yao. "Papa Gustave, we njo unajua mawe kupita siye wote. Diamant ya kweli inaweza vunjika?"

"Haiwezi! Hata nyundo inashindwa."

"Basi piga. Ikibakia muzima, umupeleke."

Gustave alifurahi kupewa nafasi ya kuonyesha elimu yake. Akaweka kijiwe juu ya jiwe la kusagia, akainua nyundo. Babu alifumba macho. Bibi hakufumba. Aliogopa kuliko wote, maana yeye peke yake alijua kinachopigwa, na hakuwa na hakika kama mzungu yule alisema kweli.

Pa! Kikawa vipande.

"Chupa," Gustave alisema kwa dharau, akaenda zake.

Babu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi aliokota vipande kimoja kimoja, akaenda navyo jikoni peke yake, akavilowesha, akavibonyeza kwenye siagi na kuvimwagia maji. Hakuna kilichoteleza. Alilia, kisha akavitupa mtoni pamoja na siagi yote iliyokuwa imebaki.

Mchana babu alionja maharage, akakunja uso.

"Mama Colette, siagi iko wapi?"

"Imeisha, Papa Colette. Kula."