Paa Kabla ya Msingi

Nilipoanza kujenga kule Juani, nilimuuliza kila aliyepita, maana napenda kujua. Mmoja akasema madirisha yatazame upepo, mwingine akasema choo kikae mbali na kisima. Wote niliwasikiliza, mpaka fundi akanichoka.

Kisha akaja mama mkwe. Yeye kazaliwa Jibondo, kisiwa ambacho maji yake ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo cha baharini. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuuliza vyumba. Alitazama juu, na kuta zenyewe hazijafika hata kiunoni. Nikatazama na mimi. Niliona mawingu tu.

“Mvua ikinyesha, maji ya paa utayakinga wapi?”

Nikamwambia nitaezeka makuti. Maji yake yanatoka mekundu kama chai, hayakingiki, lakini nyumba itakuwa na baridi.

“Na hiyo baridi utainywa, mwanangu?”

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaagiza bati na tangi.

Sasa mchana bati linachoma, nami nanung’unika mpaka kiu inishike. Hapo nakinga kikombe kwenye bomba la tangi, nanyamaza.